Kupima uwezo wa gesi katika miambatope ya kale ya baharini: mwongozo kwa walioko Kisumu, Nakuru na magharibi mwa Kenya

Anayeokota jiwe jeusi lenye tabaka huuliza mara moja kama lina gesi. Mara nyingi huwa ni mwambatope, yaani tope la kale lililoganda kuwa jiwe. Jiwe moja haliwezi kujibu swali hilo. Uwezo wa gesi hutokana na mambo kadhaa yanayozidishana: wingi wa kaboni, ukomavu wake (yaani imepikwa na joto la ardhini kiasi gani), nafasi za kuhifadhi gesi, unene wa tabaka, eneo lake, na kama kilichofunika juu yake kimezuia gesi isitoroke. Likiwa sifuri moja, jibu lote ni sifuri, hata mengine yakiwa mazuri namna gani. Ndiyo maana kazi hii hupangwa kuanzia kipimo cha bei ndogo chenye uwezo wa kukusimamisha, na vipimo vya gharama huja mwisho, kwa sampuli chache zilizobaki.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa jiolojia, fundi wa maabara au ofisa wa kaunti atakayepokea sampuli au ripoti na kutakiwa kusema kama zina maana.

Hatua ya 1: Hakikisha mwamba ni wa baharini na haujapikwa kupita kiasi

Anza na ramani ya jiolojia kabla ya nyundo. Mawe meusi yanayochanika kutoka Kakamega, Siaya na Migori kwa kawaida ni ya miamba ya Nyanzia na Kavirondo, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ni ukanda uleule wa dhahabu. Miamba hiyo imebanwa na kupashwa joto hadi madini yake yakabadilika, na kaboni iliyomo, kama ipo, imekaribia kuwa grafaiti. Usilipie vipimo vya gesi kwa sampuli za huko.

Kisumu yenyewe imekaa ndani ya bonde la ufa la Nyanza. Chini ya uwanda wa Kano kuna mashapo machanga ya ziwa na mito pamoja na majivu na lava za volkano. Bonde la Kerio nalo lina mashapo ya ziwa: kisima cha Cheptuket-1, kilichochimbwa 2016, kilikuta dalili za mafuta humo, na mafuta ya Lokichar huko Turkana yalizaliwa katika matope ya ziwa pia. Hayo ni mambo ya kweli, ila si mwambatope wa baharini, na viwango vya mwongozo huu havihamishiki huko bila marekebisho. Udongo mweupe wa Kariandusi karibu na Gilgil ni magamba ya viumbe vidogo vya ziwani. Gesi inayotoka pamoja na mvuke Menengai ni kaboni dayoksaidi kwa sehemu kubwa.

Kuna mtego mwingine, nao ni viputo vya kinamasi cha Yala na vinamasi vingine vya kando ya ziwa. Hiyo ni methani kweli, na huwaka, lakini imetengenezwa na bakteria kutokana na mimea inayooza sasa hivi. Kipimo cha isotopu za kaboni hutenganisha: methani ya bakteria huwa nyepesi kuliko −60 kwa elfu, na ile iliyopikwa na joto la ardhini huangukia takriban kati ya −50 na −20. Kipimo hicho kimoja kimezima mabishano mengi.

Kwa Kenya, miambatope ya baharini ya kufanyia kazi iko pwani na kaskazini mashariki: tabaka za Jurasiki za Mtomkuu upande wa bara wa Mombasa, na zile za bonde la Mandera. Usizichanganye na mashapo ya Duruma yaliyo chini yake, kuanzia Taru hadi Mazeras, ambayo kwa sehemu kubwa ni ya mito na maziwa. Kwa hiyo aliyeko Kisumu au Nakuru atafanya kazi kwa sampuli zilizosafiri, au kwa nguzo za mwamba (vipande virefu vilivyotolewa kisimani vikiwa vizima) na chenga za visima vya zamani. Kuhusu data na sampuli za visima, mahali pa kuulizia ni Shirika la Taifa la Mafuta (NOCK). Kibali cha utafiti hutolewa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Kuchimba kisima cha kutafuta gesi ni suala la Sheria ya Petroli ya 2019 na mkataba na serikali, na kibali cha utafiti hakikupi haki hiyo.

Ukiwa bado kwenye ramani, angalia mambo matatu yanayoweza kuifunga kazi mapema. Tabaka lenye kaboni likiwa jembamba kuliko mita 20 au 30, halitalipa. Kina kisipofika mita 1,000, shinikizo huwa dogo na gesi imeshavuja. Kikipita mita 4,000, gharama hupanda haraka. La tatu ni mawe ya moto yaliyojipenyeza. Mshipa wa dolerite huoka mwamba pande zake zote mbili kwa umbali unaokaribia unene wa mshipa wenyewe au mara mbili yake. Afrika Kusini walijifunza hili kwenye Karoo. Mwaka 2011 wakala wa takwimu za nishati wa Marekani, EIA, ulikadiria gesi inayoweza kutolewa kuwa futi za ujazo trilioni 485, ukashusha hadi 390 mwaka 2013. Makadirio yaliyotolewa 2017, baada ya visima vya utafiti na vipimo halisi, yalikuwa karibu 13. Katika kushuka kote huko mwamba ulikuwa uleule.

Hatua ya 2: Kuchukua sampuli

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na hakuna mashine itakayoirekebisha baadaye.

Mwambatope uliokaa juani na mvuani hupoteza kaboni, mara nyingine zaidi ya nusu, na sehemu inayozalisha gesi ndiyo hutangulia kwenda. Pairiti yake (madini ya chuma na salfa) huoza na kuacha rangi ya kutu au unga wa manjano kwenye nyufa. Ukiona rangi hiyo, bado hujafika. Chimba kwa sururu angalau nusu mita kutoka usoni mwa kingo. Penye joto na mvua, kama pwani yetu, hata mita mbili au tatu huenda zisitoshe. Kingo mpya za barabara, machimbo yanayofanya kazi na visima vya maji vinavyochimbwa sasa ni bora kuliko korongo la zamani. Kipande kizuri ni kigumu, kinatoa ukingo mkali kikivunjwa na hakilainiki ukikilowesha.

Chukua kwa mpangilio, kutoka chini kwenda juu, kila mita 1 au 2, gramu 500 kila mahali. Usichague vipande vyeusi tu. Ukifanya hivyo wastani wako utakuwa wa vipande ulivyovipenda, na tabaka lenyewe litabaki halijapimwa. Rekodi unene kwa futi kamba, mwelekeo na mwinamo wa tabaka, pamoja na viwianishi vya GPS.

Funga sampuli kwenye karatasi safi ya aluminiamu, kisha mfuko wa kitambaa. Usiandike kwa kalamu ya wino mzito juu ya jiwe. Andika kwenye lebo iliyo nje. Usiweke sampuli kwenye gari pamoja na jerikeni la dizeli. Kwa chenga za kisimani, uliza matope ya kuchimbia yalichanganywa na nini: yakiwa ya dizeli, namba zote za mafuta huru hazifai.

Sampuli za visukuku, vipimo vya mwanga na picha za darubini zibaki vipande. Saga sehemu tu. Kusagia ni kwenye kinu cha akiki au mashine ya maabara ya chuma kigumu, iliyosafishwa kwa mchanga wa kwatzi kati ya sampuli moja na nyingine. Kinu cha kusagia mahindi mtaani hakifai kabisa, maana kina wanga na grisi, vyote viwili kaboni.

Hatua ya 3: Jumla ya kaboni ogania

Ripoti za maabara huiandika TOC, kwa asilimia ya uzito. Saga gramu 20 hivi hadi unga wote upite chekecho la mikroni 180. Pima miligramu 100 hadi 200 kwenye kikombe cha kauri chenye vinyweleo. Ongeza asidi hidrokloriki ya asilimia 10 tone kwa tone hadi povu liishe, kisha iache kwenye joto la nyuzi 60 kwa saa mbili au zaidi. Dolomaiti, aina ya kaboneti, haifumki kwa asidi baridi, na ikibaki, kaboni yake itahesabiwa kama ya viumbe na kukupa jibu lililovimba. Osha kwa maji yaliyokenekwa hadi asidi iishe, kausha kwa nyuzi 60 hadi 80, halafu uchome kwenye mashine inayopima kaboni dayoksaidi itokayo. Weka sampuli ya kipimo inayojulikana baada ya kila sampuli kumi, na rudia moja katika kila kumi.

Maabara za udongo za Kisumu na Nakuru hupima kaboni kwa njia ya Walkley-Black, au kwa kuchoma na kupima uzito uliopotea. Ni njia nzuri kwa shamba la mahindi, lakini kwa mwambatope zote mbili hudanganya, tena kwa kuelekea pande tofauti. Dikromati ya Walkley-Black haiwezi kushambulia vizuri kaboni iliyokomaa, kwa hiyo jibu huwa dogo mno. Kuchoma nako hupoteza maji yaliyofungwa ndani ya madini ya mfinyanzi, na mwambatope una mfinyanzi mwingi, kwa hiyo jibu huwa kubwa mno. Ukipewa ripoti ya kaboni, soma kwanza njia iliyotumika.

Chini ya 0.5% ni maskini, 0.5 hadi 1 ni wastani. 1 hadi 2 ni nzuri. Juu ya 2 ni nzuri sana. Kwa gesi ya mwambatope wengi hutaka 2% au zaidi katika unene wa mita 30 zinazofuatana. Kumbuka unachopima ni kilichobaki. Mwamba wa baharini uliokomaa sana unaweza kuwa umeshatumia theluthi hadi nusu ya kaboni yake ya awali, kwa hiyo 1.5% katika mwamba uliopikwa sana ina maana tofauti na 1.5% katika mwamba mbichi.

Kama una rekodi za kisima, miale ya gama hukusaidia kujaza mapengo: matope ya baharini yaliyotulia bila oksijeni hukusanya urani pamoja na kaboni. Waliozoea kusoma rekodi za visima vya jotoardhi Nakuru hawatapata shida kuizoea. Njia ya kulinganisha ukinzani wa umeme na mwendo wa sauti nayo hutumika, lakini hukosea mwamba unapokomaa sana, kwa kuwa kaboni inayoelekea kuwa grafaiti huanza kupitisha umeme.

Simama hapa ikiwa wastani wa sehemu nene zaidi hauvuki 1%.

Hatua ya 4: Rock-Eval, na mahali inapoishia

Mashine hii hupasha takriban miligramu 60 hadi 100 za unga bila hewa ya oksijeni. Inayotoka kwenye nyuzi 300 huitwa S1, yaani mafuta na gesi vilivyokuwa vimeshatengenezwa. Joto hupandishwa nyuzi 25 kila dakika, na itokayo baada ya hapo ni S2, yaani kile ambacho kerojeni (kaboni ya viumbe iliyoganda ndani ya mwamba) bado ingeweza kuzalisha. Joto ambapo S2 hufika kilele ni Tmax. S2 mara 100 gawa kwa TOC hukupa fahirisi ya haidrojeni.

Kwa mwamba ambao haujakomaa, fahirisi hiyo hueleza aina ya kerojeni. Kwa miamba ya kale iliyokomaa haielezi chochote. Chukua sampuli yenye TOC ya 2.4% na S2 ya miligramu 0.15 kwa gramu: fahirisi ni 6. Mtu asiyezoea ataandika "aina ya III, mabaki ya miti," hata kama mwamba una umri wa kabla miti haijatokea duniani. Haidrojeni imekwisha kwa sababu ilishatoka kama mafuta na gesi. Aina itafutwe kwa njia nyingine: darubini, au isotopu za kaboni za kerojeni yenyewe.

Tmax nayo ina masharti. Takriban 435 ndio mwanzo wa dirisha la mafuta, yaani ukomavu ambapo mwamba huzalisha mafuta, na kuanzia 470 unaingia dirisha la gesi. Kanuni inayotumika sana ni kuzidisha Tmax kwa 0.018 na kutoa 7.16, kwa 470 unapata ukomavu wa 1.30 kwa kipimo cha Hatua ya 5. Lakini S2 ikiwa chini ya 0.2, kilele hakipo, mashine huchagua tu mahali kwenye mstari ulionyooka. Futa Tmax zote za namna hiyo kabla ya kuchora grafu, hata kama zinakupendeza. S1 ikizidi TOC kwa namba, shuku dizeli au mafuta yaliyohamia kutoka kwingine.

Hatua ya 5: Ukomavu kwa darubini

Kipimo cha kawaida ni kiasi cha mwanga kinachorudishwa na vitrinaiti, chembe zitokanazo na mbao. Kipande hugandishwa kwenye resini, hung'arishwa, kikapimwa chini ya mafuta ya darubini kwa mwanga wa nanomita 546, angalau vipimo 50 kwa sampuli. Chini ya 0.6% mwamba ni mbichi, hadi 1.3 ni mafuta, 1.3 hadi 2.0 ni gesi yenye umajimaji, 2.0 hadi 3.5 ni gesi kavu. Juu ya 3.5 vinyweleo vilivyo ndani ya kaboni huanza kufunga, na kilichobaki kupimwa ni grafaiti changa. China wana mfano wa jambo hili: miambatope ya Siluria ya Longmaxi, bonde la Sichuan, inatoa gesi nyingi, ilhali ile ya Kambria iliyo chini yake, yenye kaboni nyingi pia, imesumbua katika maeneo mengi, na ukomavu wake kupita kiasi ni mojawapo ya sababu.

Miamba ya Kambria, Ordovisia na sehemu kubwa ya Siluria haina vitrinaiti, kwani hakukuwa na mimea ya miti. Hapo hutumika mabaki ya graptolaiti (wanyama wadogo wa bahari za kale) au bitumeni iliyoganda. Kwa bitumeni, zidisha kipimo kwa 0.618 na ongeza 0.40: bitumeni ya 2.6 inalingana na takriban 2.0 ya vitrinaiti. Ripoti isiyosema ni chembe gani iliyopimwa irudishwe ilikotoka.

Kwa tabaka za Jurasiki za pwani yetu tatizo ni kinyume chake. Vitrinaiti ipo, lakini sehemu yake imesombwa kutoka mashapo ya zamani zaidi ya bara na ilikuja ikiwa imeshakomaa. Chora histogramu. Ukiona vilima viwili, kile cha chini kwa kawaida ndicho cha mwamba wenyewe. Wastani wa vyote viwili si namba ya mwamba wowote.

Hatua ya 6: Madini na vinyweleo

Mwamba lazima uvunjike na mipasuko ibaki wazi. Kwa eksirei pima kwatzi, feldispa, kaboneti na mfinyanzi: madini magumu kwa jumla yapite 40%, mfinyanzi uwe chini ya 40%. Mfinyanzi wa aina ya smektaiti ni mbaya zaidi kwa kuwa huvimba ikipata maji. Kwatzi ikitokana na viumbe vya baharini ni habari njema mara mbili, kwa sababu huongezeka pamoja na kaboni. Kwatzi ya mchanga uliosombwa hupunguza kaboni. Weka TOC na kwatzi kwenye grafu moja utaona ni ipi.

Vinyweleo hupimwa kwa heliamu juu ya mwamba uliopondwa, na 3 hadi 8% ndiyo hali ya kawaida ya miamba iliyofaulu. Picha za darubini ya elektroni zinahitaji uso uliong'arishwa kwa miale ya argoni. Ung'arishaji wa mkono huchimba mashimo ambayo mtu huyahesabu kama vinyweleo. Sampuli tatu zinatosha.

Hatua ya 7: Kiasi cha gesi

Nguzo mpya ikitoka kisimani hufungwa mara moja kwenye mtungi usiovuja, huwekwa kwenye maji yenye joto la tabaka ilikotoka, na gesi hupimwa kila dakika chache saa ya kwanza, kisha kila saa, hadi ikome. Gesi hiyo ni sehemu ya kwanza. Sehemu ya pili hupatikana kwa kusaga kipande ndani ya chombo kilichofungwa. Ya tatu ni ile iliyopotea wakati nguzo inapanda, nayo hukadiriwa kwa kuchora gesi dhidi ya kipeuo cha pili cha muda na kurudisha mstari nyuma hadi sifuri. Njia hiyo ilibuniwa kwa makaa ya mawe. Kwa kisima chenye kina cha kilomita mbili au tatu, gesi iliyopotea huweza kuwa zaidi ya nusu ya jumla, kwa hiyo nusu ya jibu lako ni mstari uliochorwa kwa rula. Andika kila sehemu peke yake. Usitoe jumla tu.

Halafu kuna kosa linalotuhusu sisi wa nyanda za juu. Ujazo wa gesi lazima ugeuzwe kuwa wa hali ya kawaida, yaani nyuzi 15 na kilopaskali 101.325. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari na shinikizo la hewa ni kama kilopaskali 81.5. Lita 1 iliyosomwa huko kwa nyuzi 25 ni lita 0.78 tu ya hali ya kawaida. Kisumu, kwenye kilopaskali kama 88.5 na nyuzi 28, lita 1 ni 0.84. Asiyerekebisha amejiongezea gesi kwa karibu asilimia 29 Nakuru na 20 Kisumu. Na shinikizo lisisomwe kwenye programu ya hali ya hewa ya simu, kwa kuwa hiyo huonyesha namba iliyokwisha kurekebishwa hadi usawa wa bahari, karibu hektopaskali 1,015 popote ulipo. Tumia kipimahewa kilicho chumbani. Gesi ikikusanywa juu ya maji, toa pia shinikizo la mvuke, kilopaskali 3.2 kwa nyuzi 25.

Bila nguzo mpya, kiasi hukadiriwa kwa hesabu. Gesi iliyonata kwenye kaboni na mfinyanzi hupatikana kwa mlinganyo wa Langmuir: kiwango cha juu kabisa, zidisha shinikizo, gawa kwa jumla ya shinikizo na shinikizo la Langmuir (lile ambapo nusu ya kiwango cha juu hufikiwa). Tuseme kiwango cha juu ni mita za ujazo 2.5 kwa tani, shinikizo la Langmuir megapaskali 5, na la tabaka 25. Jibu ni 2.08. Kipimo kifanywe kwa joto la tabaka na sampuli yenye unyevu wake. Sampuli kavu hubeba gesi zaidi kuliko mwamba halisi, kwa kuwa maji hayajashika nafasi.

Gesi huru ni vinyweleo mara sehemu isiyo na maji, gawa kwa uzito wa mwamba na kigezo cha kubanwa kwa gesi, yaani ujazo wake huko chini ukigawanywa kwa ujazo wake wa hali ya kawaida. Vinyweleo 4%, maji 35%, tani 2.6 kwa mita ya ujazo, kigezo 0.005: unapata 2.0 kwa tani. Wengi hujumlisha hapo na kuandika 4.08. Lakini gesi iliyonata nayo inakaa ndani ya vinyweleo vilevile. Mita 2.08 za methani zina uzito wa kilo 1.4 hivi; kwa msongamano wa gramu 0.37 kwa sentimita ya ujazo hushika mita za ujazo 0.0038 kati ya 0.010 zilizokuwepo. Nafasi iliyobaki inabeba gesi huru ya 1.24 tu. Jumla halali ni takriban 3.3.

Hatua ya 8: Je, gesi imebaki?

Mwamba unaweza kuwa umezalisha gesi nyingi na leo uko mtupu. Ufa mkubwa unaofika juu, kuinuliwa kwa ardhi na mmomonyoko wa kifuniko vyote huvujisha. Dalili nzuri ni shinikizo lililopita lile la maji ya kina hicho: kwenye uwanja wa Fuling huko Sichuan, uliofunguliwa na kisima cha JY1 mwaka 2012, lilikuwa karibu mara 1.5. Dalili mbaya ni gesi iliyojaa nitrojeni. Kwa bonde letu la ufa na pwani yetu iliyokatwakatwa na nyufa, hatua hii ina uzito kuliko TOC, na ndiyo mara nyingi inakosekana kwenye ripoti.

Hatua ya 9: Hesabu na ripoti

Gesi iliyomo ni eneo mara unene mara uzito wa mwamba mara kiasi kwa tani. Kilomita za mraba 100, mita 40, 2.6 na 3.3 hutoa mita za ujazo bilioni 34, yaani futi trilioni 1.2. Unene uwe wa sehemu zilizovuka kiwango chako cha TOC tu. Inayoweza kutolewa huwa kama asilimia 10 hadi 25 ya hiyo: bilioni 3.4 hadi 8.6. Usiruhusu namba hizo mbili zikae kwenye sentensi moja bila kutajwa kila moja ni ipi. Vyombo vya habari huchukua kubwa.

Usitoe jibu moja. Kwa kila kipengele weka kiwango cha chini, cha kati na cha juu, kompyuta iyachanganye mara elfu kumi, kisha uripoti thamani zenye uwezekano wa asilimia 90, 50 na 10 wa kufikiwa au kupitwa. Poland ilikadiriwa na EIA mwaka 2011 kuwa na futi trilioni 187 zinazoweza kutolewa. Mwaka uliofuata taasisi ya jiolojia ya nchi hiyo, kwa data za visima vya zamani, ikaandika mita za ujazo bilioni 346 hadi 768 kama kiasi chenye uwezekano mkubwa, yaani takriban futi trilioni 12 hadi 27. Kampuni zilichimba, kisha zikaondoka.

Katika jedwali la ripoti onyesha idadi ya sampuli kwa kila kipimo, njia iliyotumika, shinikizo na joto la chumba siku ya kupima gesi, na sampuli zilizotupwa pamoja na sababu. Bakiza nusu ya kila sampuli, ambayo haijasagwa, mahali pakavu: maabara ya pili ikitoa namba tofauti, hiyo ndiyo itakayoamua.